Panchi ya mkono au ya mota? Mwongozo kamili kabla hujapandikiza nywele Mombasa

Ukifungua simu Mombasa siku hizi unakutana na tangazo la kupandikiza nywele kabla hujaifikia habari uliyokuwa ukiitafuta. Karibu kila tangazo linauza mashine: mota mpya, roboti, panchi ya rangi ya dhahabu, kisu cha yakuti. Kisha mtu ambaye nywele za panjani zimeanza kurudi nyuma anaingia kliniki na swali moja tu mdomoni: "Mnatumia mkono au mota?"

Anauliza habari ya panchi, kifaa cha kutolea nywele za kupandikiza kisogoni. Swali si baya, ila limekuja mapema mno. Msimamo wangu nausema hapa hapa: mwenye nywele za kipilipili asikubali kifaa chochote kabla ya kuona kimefanya nini kwenye vipandikizi vichache vya mwanzo, vilivyotoka kisogoni mwake mwenyewe. Mengine yote katika mwongozo huu yanakuandaa kwa jaribio hilo.

Kifaa hiki kinafanya kazi gani

Nywele za kupandikiza hutolewa kwa njia mbili. Katika njia ya ukanda, daktari hukata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, hushona jeraha, na wasaidizi wake huuchambua ukanda huo chini ya hadubini. Katika njia ya pili, inayojulikana kwa herufi FUE, kila kishada cha nywele 1 hadi 4 hutolewa peke yake kwa panchi, yaani kijibomba cha chuma chenye ukingo wa kukata. Kipenyo chake mara nyingi ni kati ya milimita 0.8 na 1.0. Mvutano wa mkono na mota uko kwenye FUE peke yake: panchi inazungushwa na vidole, au inazungushwa na mota.

Baada ya kutoa zinabaki kazi mbili: kutoboa vitundu mbele, na kupanda. Kisu cha yakuti ni cha kutobolea. Kalamu ya kupandia ni ya kupandia. Kliniki ikijisifu kwa viwili hivyo bado haijakuambia itakutoaje nywele kisogoni, na hapo ndipo nywele nyingi hufia.

Panchi yenyewe si ngeni. Daktari Okuda wa Japani alieleza matumizi yake kwenye nywele mwaka 1939, na Norman Orentreich wa New York akaanza kutibu vipara vya kurithi mwaka 1952. Za wakati huo zilikuwa na upana wa milimita 4 hivi, ndiyo maana vichwa vya zamani vilionekana vimeota mafungu mafungu. Makala ya Rassman na Bernstein ya mwaka 2002 ndiyo iliyoifanya FUE ya panchi ndogo ijulikane kwa madaktari wengi. Mota zikafuata, kwa sababu ya uchovu wa vidole na saa nyingi za kazi.

Hatua ya 1: Hakikisha kipara chako kinapandikizika

Upara wa kurithi wa wanaume unapandikizika vizuri, kwa sababu nywele za kisogoni hazidhuriki na homoni inayoziua zile za utosini, na zikihamishwa hubaki na tabia hiyo zilikotoka nayo. Lakini si kila kipara ni hicho. Kuna ugonjwa unaoanzia utosini na kuacha kovu, ambao huwapata zaidi wanawake weusi. Kuna vipele vigumu vya kisogoni vinavyokuja baada ya kunyolewa karibu sana na ngozi. Kuna mapunye. Kuna kupukutika kunakoletwa na upungufu wa madini ya chuma au matatizo ya tezi ya shingo. Kupandikiza juu ya ugonjwa unaoendelea ni kutupa nywele na pesa pamoja, kwa hiyo anza kwa daktari wa ngozi, na akitaka kukata kipande kidogo cha ngozi kukipima, mkubalie.

Wanawake waliopoteza nywele za mbele kwa misuko ya kubana, wigi za gundi au ushungi unaofungwa kwa nguvu kila siku wanaweza kupandikizwa, almradi mvuto huo umekoma na hali imetulia. Wanaume vijana nao wasikilize: kama upara bado unakimbia, daktari atataka kwanza kuupunguza kasi kwa dawa kama minoksidili au finasteridi. Ukipanda mbele huku nyuma kunaendelea kupukutika, utabaki na kisiwa cha nywele kwenye paji.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni keloidi. Tazama palipotobolewa masikio, kovu la chanjo ya utotoni mkononi, kidevu unachonyoa. Ukiona kovu lililovimba likavuka mpaka wa jeraha lenyewe, mwambie daktari kabla hamjafika kwenye habari ya bei.

Hatua ya 2: Hesabu kisogo kabla ya kuhesabu kipara

Kisogo hakiongezeki. Kishada kilichotolewa hakioti tena pale kilipotoka, na ikichukuliwa zaidi ya nusu hivi ya vishada vya eneo moja, ngozi itaanza kuonekana. Mwenye kipilipili ana nafuu kidogo, kwa kuwa kila unywele uliojisokota hufunika nafasi kubwa kuliko wa singa, hivyo vishada vichache hutosha.

Sasa angalia kipenyo cha panchi, maana hapa hesabu inasema wazi. Tundu la milimita 0.8 lina eneo la milimita za mraba 0.50. La milimita 1.0 lina 0.79. La 1.2 lina 1.13. Mtu akitolewa vishada 2,000, panchi ya 0.8 inamwachia jeraha la jumla ya sentimita za mraba 10 hivi, na ya 1.0 karibu 16. Tofauti hiyo utaiona siku utakapomwambia kinyozi akupige namba moja.

Hata hivyo, kwa kipilipili ndogo si bora kila mara. Mzizi uliopinda unahitaji nafasi, na panchi nyembamba mno itaukata. Madaktari wengi huanzia karibu na 1.0, wengine hutumia kubwa zaidi kidogo. Uliza pia kipimo kimechukuliwa ndani ya bomba au nje, kwa sababu watengenezaji hawafanani, na panchi mbili zilizoandikwa "0.9" zinaweza kuacha matundu tofauti.

Hatua ya 3: Elewa vifaa, kimoja kimoja

Anza na panchi ya mkono. Daktari hushika mpini mwembamba baina ya kidole gumba na cha shahada. Nywele zimenyolewa zikabaki na urefu wa milimita 1 hivi, ili aone zinakoelekea. Anauweka ukingo kuzunguka kishada, anaulaza kufuata pembe ya nywele, kisha anazungusha kwenda na kurudi huku akisukuma kidogo tu. Ngozi ya juu hukataa kwanza, halafu huachia ghafla, na vidole vinahisi. Hapo anasimama. Mara nyingi amezama milimita 2 au 3 tu, ilhali mzizi una milimita 4 hadi 6 hivi. Sehemu iliyobaki huvutwa kwa kibano, taratibu, mpaka ijibandue na nyama.

Huko kuhisi ngozi inavyoachia ndiko faida kubwa ya mkono. Mzizi wa kipilipili umepinda chini ya ngozi kama ndoana, na pindo hilo halionekani kutoka juu. Panchi iliyonyooka ikizama zaidi ya inavyotakiwa hukutana na pindo ikalikata. Kwa vidole, daktari mzoefu hugundua mapema na kubadilisha pembe kabla hajaharibu vishada vingi.

Hasara zake nazo si siri. Mkono hutoa vishada mia chache kwa saa, basi kazi kubwa hugawanywa siku mbili. Vidole huchoka, na uchovu huleta makosa baada ya adhuhuri. Ngozi ngumu, au yenye makovu ya zamani, huhitaji nguvu, na nguvu huipotosha ngozi. Panchi ya mkono huwa kali, kwa hiyo ikishakuwa butu lazima ibadilishwe, si kusukumwa zaidi. Rangi ya dhahabu unayoiona kwenye picha mara nyingi ni utando wa titani tu.

Mota ni panchi ileile iliyofungwa kwenye mkono wa mashine, na daktari huiendesha kwa pedali ya mguuni au swichi. Kuna inayozunguka upande mmoja, na kuna inayokwenda na kurudi kwa pembe ndogo. Mizunguko huweza kuwa mamia kadhaa kwa dakika, au maelfu. Ikiwa mikononi mwa mjuzi hutoa vishada vingi kwa saa, na kishada cha mwisho hutoka kwa nguvu ileile ya kile cha kwanza. Ngozi ngumu haiisumbui.

Lakini mota ina madhara yake. Kasi ikizidi, msuguano huleta joto na kishada hupindwa. Ngozi ya juu huweza kung'oka peke yake na kuuacha mzizi ndani. Kishada pia huweza kusukumwa chini ya ngozi na kuzikwa humo, hasa kwa panchi butu, na kisipotolewa huweza kugeuka uvimbe wenye usaha. Tena makosa ya mota huja kwa kasi ya mota: daktari asiposimama kuangalia, ameshaharibu mia kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Zipo mashine zinazofyonza kishada kwa hewa badala ya kibano. Mimi sizipendi sana. Kishada kilicho nje ya mwili hakivumilii kukauka, na hewa inayopita juu yake hukausha. Roboti, nayo, ilipata kibali cha mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2011 kwa wanaume wenye nywele nyeusi au za kahawia zilizonyooka. Soma sentensi hiyo mara mbili, halafu jipapase kichwa.

Nionavyo, jambo linalopita mkono na mota ni umbo la ncha. Ncha kali hukata upesi na kuingia kwa nguvu kidogo, lakini ikikosea hukata chochote kilicho mbele yake. Ncha butu husukuma mzizi pembeni badala ya kuukata, na hilo huusaidia mzizi uliopinda, ila huhitaji mzunguko wa mota kuingia. Katikati zipo ncha za mchanganyiko, na zilizopanuka mdomoni ili ukingo wa kukata uwe mbali na mzizi. Kuna pia panchi zilizoundwa mahsusi kwa nywele zilizojisokota. Kliniki yenye aina moja tu kabatini imekwisha kukuchagulia kabla haijaona kichwa chako.

Kwa mwanamke asiyetaka kunyolewa, mota ya kuzunguka upande mmoja huzisokotea nywele ndefu kwenye panchi. Hapo mkono, au mota ya kwenda na kurudi, ndiyo inayofaa.

Na kwa kuwa tuko Mombasa: stima ikipotea katikati ya kazi, mota yenye waya inalala. Uliza kama wana jenereta au mota ya betri, na kama panchi za mkono ziko tayari. Jenereta hiyo ndiyo pia itakayoendesha kiyoyozi na taa.

Hatua ya 4: Dai jaribio, ulisome mwenyewe

Mwombe daktari atoe vishada 20 hadi 50 kwanza, avipange juu ya shashi yenye maji, na akuonyeshe picha iliyokuzwa. Hakuna daktari makini atakayekasirika. Wengi wao hufanya hivyo hata bila kuombwa.

Kishada kizima kina ngozi kidogo juu, nywele 1 hadi 4 zinazoshuka pamoja, nyama laini nyeupe kuzizunguka, na chini kabisa vichwa vya mizizi vilivyonenepa kidogo. Kilichokatika kinaishia ghafla, ncha yake imenyooka na haina uvimbe. Kilichovuliwa nyama yote kimebaki uzi mtupu. Mzizi unaweza kuwa mzima, lakini hukauka upesi na huumia kirahisi wakati wa kupandwa.

Hesabu mizizi, usihesabu vishada. Kishada cha nywele 3 chenye mmoja uliokatika bado kina kazi. Kliniki inayosema "vishada vyote vimetoka" haijajibu swali. Wazoefu hulenga mizizi iliyokatika iwe chini ya 5 kwa kila 100. Kwa kipilipili mwanzo unaweza kuwa mbaya kuliko hapo, na si sababu ya kukimbia. Kinachokupa jibu ni anachofanya daktari baada ya kuona. Anapunguza kina? Anabadili pembe? Anaongeza kipenyo kutoka 0.9 hadi 1.0? Anaacha ncha kali na kuchukua butu? Anazima mota na kushika panchi ya mkono? Mojawapo ya hayo ni dalili njema. Akisema "nywele za Waafrika ndivyo zilivyo" na kuendelea vilevile, mwambie asimame.

Kwa mwenye dalili za keloidi, jaribio ni tofauti. Vishada vichache hutolewa na kupandwa, mtu akarudi nyumbani, na ngozi ikaangaliwa kwa miezi 3 au zaidi kabla ya kuamua. Kliniki inayotaka malipo yote leo kwa M-Pesa na upasuaji kesho haina nafasi ya jaribio la namna hiyo.

Hatua ya 5: Jua nani atashika kifaa

Katika kliniki nyingi duniani daktari unayemwona siku ya maelezo siye anayetoa nywele. Jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa kurejesha nywele, ISHRS, iliyoundwa mwaka 1993, imekuwa ikiwaonya wagonjwa kuhusu watu wasio na leseni wanaofanya upasuaji huu. Kenya, jina la daktari na la kituo hutafutwa kwenye rejista ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, iliyo mtandaoni. Tafuta mwenyewe; usitosheke na fremu iliyotundikwa ukutani.

Maswali yafuatayo uyaulize ana kwa ana, si kwa ujumbe:

- Nani atatoa, nani atatoboa, nani atapanda?
- Panchi ni ya kutumiwa mara moja, au inatakaswa itumike tena? Na mkono wa mashine unatakaswaje? (Mashine ya mvuke hufikia nyuzi 121 kwa dakika 15 au 134 kwa dakika 3. Kufuta kwa spiriti hakutoshi, kwa sababu homa ya ini na virusi vya ukimwi husafiri kwa damu.)
- Umeshawafanyia wangapi wenye nywele kama zangu, na naweza kuona vichwa vyao baada ya mwaka?

Anayepanga kwenda Istanbul, Uturuki, kupandikizwa huko aulize maswali hayo hayo, na la mwisho alirudie mara mbili. Picha mia za nywele za singa hazimsaidii mwenye kipilipili.

Hatua ya 6: Siku ya upasuaji

Kula vizuri asubuhi. Dawa zote unazotumia zitaje, hata aspirini na mitishamba, na usiache dawa ya moyo kwa uamuzi wako. Kama unatafuna miraa au muguka, sema bila haya: hupandisha presha na mapigo ya moyo, na sindano ya ganzi yenyewe ina adrenalini. Dawa hiyo ya ganzi, lignokeni yenye adrenalini, ina kikomo, miligramu 7 kwa kila kilo ya mwili, na jumla isipite 500 hivi. Katika kazi ya siku nzima ni rahisi kusahau hesabu, kwa hiyo si utovu wa adabu kuuliza nani anaiandika.

Vishada vikishatoka vikae kwenye maji ya chumvi ya hospitali au maji maalumu, baridi, bila kukauka hata dakika chache. Hapa mkono na mota hukutana tena: mota inayotoa kwa kasi kuliko wapandaji wanavyopanda inajaza tu bakuli la vishada vinavyosubiri. Bora watoe kwa mafungu, wapande, ndipo waendelee.

Hatua ya 7: Nyumbani, kwenye joto letu

Usiku wa kwanza mpaka wa tatu, lala umeinua kichwa kwa mito. Siku ya tatu paji linaweza kuvimba mpaka machoni. Huja na kuondoka. Vipandikizi hushika vizuri kufikia siku ya 9 au 10, na kabla ya hapo kila kinachogusa ni hatari. Helmeti ya bodaboda husugua mbele kabisa, palepale palipopandwa, kwa hiyo panda tuktuk. Kofia ya mkono iliyobana nayo ingoje. Vaa pana na laini, daktari akiruhusu.

Anayeswali aulize mapema. Madaktari hukataza kuinamisha kichwa na kugusisha paji kwenye msala siku za mwanzo. Habari ya kuswali kitini, na ya kupaka maji kichwani wakati wa kutawadha, mpelekee sheikh wako kabla ya upasuaji, usingoje bandeji iwe kichwani.

Jasho lenyewe haliui kipandikizi, lakini huwasha, na mkono hukuna bila kufikiri. Kaa kwenye feni, epuka jua la adhuhuri, na bahari ya Nyali au Bamburi uiache kwa wiki 4 hivi. Mafuta ya nazi usipake mpaka uambiwe. Osha kama ulivyoelekezwa, kwa kumwagia maji polepole, bila shawa ya nguvu. Homa, usaha au maumivu yanayozidi ni sababu ya kurudi kliniki siku hiyo hiyo.

Kati ya wiki ya 2 na ya 6 nywele zilizopandwa hupukutika. Hilo ni la kawaida kwa mkono na kwa mota. Mpya huanza kuchomoza mwezi wa 3 au 4, na matokeo hayahukumiwi kabla ya mwezi wa 12. Anayekuuzia kikao cha pili mwezi wa 6 mpuuze.

Kabla hujatoka kliniki siku ile ya upasuaji, omba karatasi iliyoandikwa: kipenyo cha panchi na aina ya ncha, mkono au mota na kasi yake, kina, idadi ya vishada na ya mizizi iliyokatika, na kutoka upande gani wa kisogo. Daktari wa kikao cha pili, kama kitakuwepo, ataanzia hapo.